San Francisco kwa Mara ya Kwanza: Panda kwa Gari, Shuka kwa Miguu

Haya, karibu tena. Leo weka kalamu na karatasi karibu, maana tunapanga safari ya kwanza ya San Francisco, hatua kwa hatua, na kuna mahali nitakuomba usimamishe video uandike. Mambo ya viza nayaweka kando, yale yana video yake. Hapa tunaanza na mtu ambaye bado hajakata hata tiketi ya ndege.

Kabla ya yote, tazama ramani hii. Jiji limekaa kwenye ncha ya rasi. Kushoto kwako, magharibi, ni Bahari ya Pasifiki. Kulia ni ghuba. Na huku juu, kaskazini, kuna mlango mwembamba wa bahari unaoingiza maji ya Pasifiki ghubani. Huo mlango ndio Golden Gate yenyewe. Daraja lilikuja baadaye, likafunguliwa mwaka 1937 na kurithi jina. Kutoka ukingo mmoja wa jiji hadi mwingine ni kama kilometa 11 tu. Ukiangalia haraka haraka unasema, aa, kumbe mji mdogo, nitatembea.

Hapo ndipo ramani inapokudanganya. Ramani ni bapa, San Francisco ina vilima zaidi ya arobaini. Waliopima mitaa katika karne ya 19 waliichora kwa rula, mistari iliyonyooka inayokatana kama daftari la hesabu, wala hawakuuliza kilima kiko wapi. Kwa hiyo mtaa ukikuta kilima hauzunguki, unapanda nacho hivyo hivyo. Kipande cha mtaa wa Filbert, kati ya Hyde na Leavenworth, kina mwinuko wa asilimia 31.5. Yaani kila mita 100 unazosogea mbele, umepanda mita 31 na nusu. Kuna sehemu ambazo njia ya waenda kwa miguu imegeuzwa kuwa ngazi, kwa sababu kutembea kawaida haiwezekani.

Mimi siku yangu ya kwanza niliiamini ramani. Simu ikaniambia hoteli iko dakika kumi na mbili kutoka kituo cha treni. Nikaburuta sanduku langu la magurudumu kwa furaha hadi kona ya pili, nikainua macho, nikaona barabara imesimama mbele yangu kama ukuta. Nilitumia nusu saa na ushee, na gurudumu moja la sanduku halikufika.

Kwa hiyo andika hii juu kabisa ya karatasi yako: PANDA KWA GARI, SHUKA KWA MIGUU. Ratiba yote tutakayopanga leo inatoka hapo.

Hatua ya kwanza, chagua mwezi. Watu wakisikia California wanafungasha kaptula na miwani ya jua, halafu wanachagua Julai kwa kuwa ni majira ya joto. Julai San Francisco ni baridi! Sikiliza sababu, ukiielewa hutaisahau. Bonde kubwa lililo ndani ya California linachomwa na jua kali wakati huo. Hewa yake ikipata moto inapanda juu, na hewa nyingine inavutwa kutoka baharini kuja kujaza nafasi. Bahari ya pwani ile ina maji baridi mwaka mzima, kwa hiyo hewa inayovutwa ni baridi, imebeba ukungu. Milima ya pwani inaizuia, isipokuwa penye uwazi mmoja mkubwa: Golden Gate. Ukungu unapita pale kama moshi kwenye tundu la ufunguo. Wenyeji wameuzoea hadi wameupa jina la mtu, wanauita Karl.

Joto la mchana mwezi Julai katikati ya jiji ni kama nyuzi 20, na jioni upepo unakukumbusha nguo zote ulizoacha nyumbani. Miezi yenye joto zaidi ni Septemba na Oktoba. Mvua nyingi hunyesha kuanzia Novemba hadi Machi. Ukiniuliza mimi, nenda mwishoni mwa Septemba. Kama likizo yako ni Julai na haibadiliki, nenda tu, ila usiseme sikukwambia.

Hatua ya pili, kata tiketi zile ambazo hazisubiri. Ni mbili tu. Ya kwanza ni Alcatraz, kile kisiwa cha gereza, lililokuwa la serikali kuu ya Marekani kuanzia 1934 hadi 1963. Mashua rasmi zinaondokea gati linaloitwa Pier 33, na katika msimu wa wageni nafasi huisha wiki nyingi kabla. Ingia kwenye tovuti ya Idara ya Hifadhi za Taifa ya Marekani, ufuate kiungo chao cha tiketi. Usianze na utafutaji wa jumla, kwa sababu utakutana na ziara nyingi za ghuba zenye neno Alcatraz kwenye jina, na baadhi zinakizunguka kisiwa bila kutia nanga. Ukifika kule tafuta pia maandishi ya rangi nyekundu kwenye tangi la maji. Yaliachwa na Wahindi Wekundu, wenyeji wa asili wa Marekani, walioshika kisiwa kile kwa miezi 19 kuanzia Novemba 1969 wakidai ardhi. Wageni wengi wanapita chini yake wakiwa wamekodolea macho seli tu.

Ya pili ni Muir Woods, msitu wa miti ile mirefu ya redwood, ng'ambo ya daraja. Tangu 2018 huwezi kwenda na gari ukaegesha bila kuweka nafasi mapema. Na uihifadhi hiyo nafasi kwenye simu kabla hujaondoka, maana kule mtandao wa simu haupo.

Hatua ya tatu, hoteli. Simamisha video hapa kidogo, ufungue programu yako ya ramani. Usitazame umbali peke yake. Weka njia kutoka kituo cha treni cha Powell, katikati ya jiji, hadi hoteli unayoitaka, halafu chagua usafiri wa baiskeli. Mara nyingi programu itakuchorea mchoro wa mwinuko. Mstari ukilala, sawa. Ukisimama kama mgongo wa paka aliyekasirika, uliza kama kuna basi linalopita mlangoni.

La pili kuhusu hoteli: Union Square ni katikati na ni rahisi kwa usafiri, lakini ukisogea mitaa michache magharibi unaingia Tenderloin. Utaona hoteli za bei nzuri sana pale, na utajiuliza mbona rahisi hivi. Ni mtaa wenye watu wengi wasio na makazi, na dawa za kulevya zinatumiwa hadharani. Watu wanaishi pale, watoto wanasoma pale, sikutishi. Ila kwa mgeni anayerudi usiku peke yake na begi mkononi, siupendekezi. Pia bei unayoiona mwanzoni haina kodi. Kodi ya hoteli ni karibu asilimia 14, inaongezwa mwishoni. Madukani pia kodi inaongezwa mwishoni, na mgahawani kuna bakshishi ya asilimia 18 au 20 inayotarajiwa. Fanya hesabu yako ukijua hilo.

Begi, haraka haraka: viatu vyenye soli inayoshika, ambavyo umeshavivaa wiki kadhaa. Fulana, sweta juu yake, jaketi la kuzuia upepo juu ya sweta, uvue na kuvaa kadiri siku inavyokwenda. Unaweza kuwa na jua kali mtaa wa Mission, ukapanda basi nusu saa kuelekea baharini, ukashukia kwenye ukungu mtupu. Na adapta ya umeme, plagi zao ni za pini bapa, volti 120.

Hatua ya nne, usafiri. Ukitua uwanja wa ndege wa SFO, fuata alama za treni ya BART. Kama nusu saa uko Powell, katikati ya jiji. Unalipa kwa kadi ya Clipper, na unaweza kuiweka ndani ya simu kabla hujasafiri. Mabasi na treni za mjini zinaitwa Muni, na nauli moja inakuruhusu kubadilisha magari kwa saa mbili. Nauli hiyo haikuingizi kwenye magari ya kebo. Kama unajua utayapanda zaidi ya mara mbili, piga hesabu ya pasi ya wageni, ya siku moja, tatu au saba, inayoyajumlisha.

Na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu magari ya kebo ndiyo jibu la jiji hili kwa vilima vyake. Sikiliza sauti hii… umesikia mngurumo chini ya barabara? Hiyo ni kebo ya chuma, inazunguka ndani ya mfereji chini ya lami muda wote, kwa mwendo ule ule wa kama kilometa 15 kwa saa. Gari lenyewe halina injini. Mwendeshaji ana mtaimbo mkubwa wenye meno kama koleo. Akiukaza, gari linashika kebo na kuvutwa kilimani. Akiulegeza, linabaki kwa breki. Ndiyo maana mwendeshaji anakuwa na mikono ya mbeba mizigo. Gari la kwanza lilipita mtaa wa Clay mwaka 1873, na leo zimebaki njia tatu.

Wageni karibu wote wanapanga foleni kona ya mitaa ya Powell na Market, pale gari linapogeuzwa kwa mikono juu ya sahani ya mbao. Litazame likigeuzwa, piga picha, halafu ondoka. Nenda njia ya mtaa wa California, foleni yake ni fupi sana, mara nyingine hakuna kabisa. Na pita kwenye jumba la makumbusho la magari ya kebo, kona ya Mason na Washington. Ni bure, na unayaona magurudumu makubwa yanayozungusha kebo za jiji zima yakiwa kazini.

Hatua ya tano, panga siku. Nakupa moja kamili kama mfano, nyingine utazipanga kwa mtindo huo huo. Asubuhi panda gari la kebo la California hadi juu ya Nob Hill. Umeshafika juu, na mguu haujatoka jasho. Sasa shuka kwa miguu kuelekea mashariki hadi mtaa wa Grant, uko Chinatown, ya zamani kuliko zote Amerika Kaskazini. Fuata Grant kwenda kaskazini, karibu tambarare, hadi North Beach, mtaa wa Waitalia. Hapo mbele yako utaona Telegraph Hill na mnara wa Coit juu yake. Usiupande kwa miguu. Subiri basi namba 39, linakupeleka hadi mlangoni. Ndani ya mnara, ghorofa ya chini, kuna michoro ya ukutani ya mwaka 1934 inayoonyesha wafanyakazi wa California, na mimi naona ina thamani kuliko hata mandhari ya kule juu.

Kisha shuka kwa ngazi za Filbert. Hizi usizikose. Ni mamia ya ngazi, nyingine za mbao, zinapita katikati ya bustani na nyumba ndogo ambazo gari haliwezi kuzifikia. Inua macho, ukiwa na bahati kundi la kasuku wa kijani linapita likipiga kelele. Ukifika chini uko ufukweni mwa ghuba, na Pier 33 ni mwendo mfupi. Kama ulikata tiketi ya Alcatraz ya alasiri, umefika kwa wakati.

Siku ya magharibi ni rahisi: treni ya N hadi Golden Gate Park, ambayo ni kubwa kuliko Central Park ya New York, halafu endelea nayo hadi Ocean Beach. Ila maji ya pale usiyaingie, hata kama unajua kuogelea. Ni baridi kali na mkondo wake unavuta watu. Kwa wa baiskeli, ulizia njia inayoitwa Wiggle, inapinda pinda ikikwepa vilima kutoka Market hadi karibu na bustani.

Kukodi gari? Mjini hapana. Ukilazimika, kuna sheria: unapoegesha kwenye mteremko ukitazama chini, geuza matairi ya mbele yaelekee ukingo wa barabara, ukitazama juu, yageuze yaelekee barabarani, ili gari likirudi nyuma tairi liegemee ukingo. Usipofanya hivyo unapigwa faini. Na ndani ya gari usiache kitu, hata jaketi. Vioo vinavunjwa mchana kweupe.

Limebaki daraja, na wengi wanalikosea hapa. Usilipangie siku. Ukiandika "Jumatano asubuhi, daraja", Jumatano hiyo hiyo utasimama pale usione hata mnara mmoja, na ile minara ina mita 227 kutoka majini. Acha nusu siku mbili wazi katika ratiba, usiziandike kitu. Kila asubuhi tafuta mahali pa juu utazame kaskazini. Siku utakayoiona minara yote miwili, ahirisha kila kitu, kodi baiskeli, vuka kilometa zile karibu tatu, kisha teremka hadi Sausalito. Kurudi usipande tena. Pandisha baiskeli kwenye feri. Ila angalia saa ya feri ya mwisho kabla hujaagiza chakula, maana ikikuacha, kilima ulichokishuka kwa raha kinakusubiri.