Kuizunguka Ras Kigomasha kwa Miguu: Tuanze na Maji

Assalaam aleikum, walimu wangu na vijana.

Mmeniambia mnataka kuwatembeza wanafunzi wa sekondari kuizunguka Ras Kigomasha, muanzie Makangale na mrudi Makangale siku hiyo hiyo. Nimefurahi sana. Ncha ile ya kaskazini ya Pemba watu wengi wanaijua kwa kupita na gari tu, mpaka mnara wa taa, picha mbili, kisha nyumbani. Anayeizunguka kwa miguu anaona pwani mbili tofauti kwa asubuhi moja: Vumawimbi upande wa mashariki, iliyo wazi kwa bahari kuu, na Verani upande wa magharibi, inayotazama mkondo wa Pemba na bara.

Nimeona karatasi yenu ya mpango. Mmeandika saa ya kuondoka, chakula, maji ya kunywa, majina ya watoto. Vyote vizuri. Lakini kitu cha kwanza hakimo: siku hiyo bahari itakupwa saa ngapi? Kwenye ras, saa ya kuondoka tunapewa na maji.

Wazee wetu hawakuhitaji jedwali. Walihesabu mwezi mwandamo, na hesabu hiyo bado inafanya kazi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na mwezi 1 mpaka 3, na mwezi 15 mpaka 17, kwa tarehe za Kiislamu, tunakuwa na bamvua. Maji hujaa sana na kukupwa sana. Kwetu, siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10 alfajiri, hukupwa karibu saa 4 asubuhi, kisha hujaa tena karibu saa 10 jioni. Karibu na mwezi 8 na mwezi 22 ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kukupwa sana, na saa zinageuka: asubuhi saa 4 ndipo yanapojaa. Katikati ya hapo, kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Kwa hiyo mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kukisia maji ya siku yoyote kabla hajatazama jedwali la bandari. Jedwali mlitazame pia. Mnabeba watoto wa watu.

Sasa chukueni siku ya bamvua. Mkianza kutembea saa 1 asubuhi, maji yako nusu na yanaondoka. Kila hatua mnayopiga pwani inazidi kupanuka, na mnatembea juu ya mchanga mbichi, mgumu, unaobeba mguu. Saa 4 mko kwenye ras yenyewe, na maji yako chini kabisa. Siku ya maji mafu, saa hiyo hiyo, mtasukumwa juu kwenye mchanga mkavu unaozama mpaka kifundo cha mguu. Njia ni ile ile, urefu ni ule ule, ila watoto watachoka maradufu. Watu wanasema safari hii ni ya wastani kwa sababu hakuna mlima. Mimi nasema ni ya wastani kwa mtu aliyechagua siku yake. Kwa asiyechagua, ni nzito.

Na kuna hesabu moja naomba kila kiongozi aijue kwa moyo. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kukupwa yanapanda kidogo tu, mtu anaweza kudhani yamelala. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia: nusu ya maji yote hurudi ndani ya saa hizo mbili. Bamvua letu hupanda zaidi ya mita 3. Basi yakikupwa saa 4, kati ya saa 6 na saa 8 mchana bahari inapanda zaidi ya mita moja na nusu. Hayo ni mabega ya mtu mzima.

Nayasema haya kwa sababu yamenikuta. Mwaka mmoja niliongoza kundi dogo na tukakaa mno kwenye mnara, tumefurahi, watu wanakula machungwa. Tuliposhuka upande wa Verani tulikuta jabali moja lililoingia baharini limeshazungukwa na maji, asubuhi yake tungelipita kwa miguu mikavu. Ikabidi tupande juu ya mawe ya tumbawe, yale yenye ncha kama msumeno. Mama mmoja alikatika wayo vibaya, nikamfunga kwa kilemba changu. Kosa lilikuwa langu, nilitazama saa ya mkononi badala ya bahari.

Tangu siku ile nina desturi moja. Nikifika kwenye jabali nasimama na kutazama chaza. Utawaona wameganda kwenye jiwe, weupe, wakali, na mahali fulani wanakoma kama mtu amepiga mstari. Chini ya mstari jiwe ni jeusi na lina unyevu, juu yake ni kavu. Nawaambia watoto wasimame kando ya jiwe, kila mmoja aone mstari ule unamfikia wapi. Ukimpita kichwa, ameshaelewa bila hotuba yangu kwa nini hatukai hapo kula.

Upande wa kuanzia nao una majira yake. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, anzeni na Vumawimbi. Upepo utakuwa mgongoni mkipanda kaskazini, na mkirudi kwa Verani ardhi inawakinga. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini, geuzeni: pandeni kwa Verani mkiwa na kivuli cha asubuhi, mteremke kwa Vumawimbi na upepo unawasukuma. Masika msiende. Njia za ndani zinakuwa utelezi, na njia za ndani ndizo mlango wenu wa kutokea. Kwa sababu katikati ya ras kuna mashamba na barabara ya udongo inayokwenda mpaka mnarani, na kundi lolote linaweza kuacha pwani na kurudi kwa barabara hiyo. Mzunguko una tabia hii: ukishapita nusu, kurudi ulikotoka ni mbali kuliko kuendelea. Kwa hiyo mnarani ndipo pa kuamua. Mtoto anayechechemea, maji ya kunywa yaliyopungua, wingu zito: chochote kati ya hivyo, rudini kwa barabara, wala msione haya.

Mnara wenyewe ni wa chuma, ulijengwa mwaka 1900. Mkimkuta mlinzi mwombeni ruhusa ya kupanda, na ngazi ni nyembamba, wapande wachache wachache.

Mkiwa na nguvu ya siku ya pili, itoeni kwa Msitu wa Ngezi, msiuchanganye na mzunguko. Pale kuna mpapindi, mti wa porini wa jamii ya mnazi usioota kwa asili popote ila Pemba, kuna popo wetu wakubwa, na kuna bundi mdogo wa Pemba ambaye dunia nzima anapatikana kisiwani hapa tu. Kumpitia bundi kama huyo mbiombio ni kumkosea heshima.

Kwa mtoto mmoja wekeni lita 2 za maji, kofia, na viatu vilivyofunga kisigino. Kandambili hapana. Mkiwakuta akina mama wanaotafuta pweza, salimuni kwanza na msikanyage wanapochokoa.

Jumamosi ijayo ni mwezi 16. Nakisia maji yatakupwa saa 4 na nusu hivi, mmoja wenu anihakikishie kwenye jedwali kabla ya Alhamisi. Ni msimu wa kusi, kwa hiyo tunaanzia Vumawimbi. Gari itoke Konde saa 12 na nusu asubuhi, na adhana ya adhuhuri itukute tumeshaacha mawe, tuko kwenye njia ya mashamba kuelekea Makangale. Viongozi wanne wanaotaka kuipitia njia nami mapema, waandike majina yao hapa mbele.