Kabla ya Kununua Vaibreta: Maneno ya Mkunga wa Ujiji

(Mhadhara uliotolewa kwa wanawake watu wazima, Ujiji, Kigoma. Mzungumzaji ni muuguzi mkunga mstaafu.)

Mwakeye, mama zangu. Wakubwa shikamooni. Asalaam aleykum, Bwana asifiwe, kila mmoja ajione amesalimiwa. Mlango umefungwa? Wale vijana waliokuwa wanapanga viti wametoka? Haya.

Mwenyekiti wenu aliponiita aliniambia nije kuzungumzia afya ya mama. Nikamuuliza afya ipi, presha au uzazi? Akaangalia chini, akachezea ncha ya kanga, akasema, "Ile nyingine." Basi leo ni ile nyingine. Nimewazalisha wanawake wa mji huu kuanzia Gungu mpaka Kibirizi, wengine wamo humu pamoja na binti zao niliowapokea mimi. Hamna mnachoweza kunificha, kwa hiyo msione haya.

Ninazungumzia kile kifaa cha kutetema, cha mwanamke kujipa raha. Vaibreta. Wengine mmekipa majina ambayo sitayarudia kwenye spika. Sikuja kukiuza, na mkobani mwangu mna miwani na dawa ya presha tu. Nimeamua kukisema kwa sababu mnanijia nacho. Mmoja kaletewa na mdogo wake aliyeko Muscat, mwingine kakiona kwenye simu, wa tatu kapata vipele na hataki kumwambia daktari kijana vimetoka wapi.

Neno la sheria nilitangulize, nisije nikaonekana nimewatuma bandarini. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 175, inakataza kuingiza nchini na kufanyia biashara vitu vichafu na vinavyopotosha maadili. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 nayo ina orodha ya mizigo iliyopigwa marufuku, na vitu vichafu vimo. Mimi ni mkunga, siyo wakili. Anayetaka kuagiza au kuuza aongee kwanza na mwanasheria. Mambo ya dini mkawaulize masheikh na wachungaji wenu. Mimi nazungumza na mwili.

Sasa tuanze na mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani.

Asubuhi pale mwaloni Kibirizi hakuna mwanamke humu anayechagua mgebuka kwa urefu. Unamgeuza, unamfunua mashavu uone kama bado ni mekundu, unamwangalia jicho, unambonyeza tumbo. Muuzaji anakusifia ukubwa, wewe humsikilizi. Lakini wanawake hao hao, wakija kwenye kifaa hiki, wanachagua kwa urefu! Wananunua kitu chenye sura ya mwanamume, kikubwa, kina mishipa kama mkono wa mbeba mizigo, halafu wanakuja kuniambia, "Dada, mimi nadhani mwili wangu umeharibika, sikusikia kitu."

Mwili wako haujaharibika. Umenunua jibu la swali ambalo mwili wako haukuuliza.

Sisi tulifundwa. Kungwi alitufundisha kumkanda mume, kumfukizia udi, shanga zivaliwe vipi na zivuliwe lini. Kuhusu raha yetu sisi, mwenye bahati aliambulia sentensi moja. Basi nyingine nawapa leo. Kinembe, ile punje iliyo juu pale mashavu madogo ya uke yanapokutana, ni kichwa tu. Kilichobaki kimelala ndani. Mwaka 1998 daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo huko Australia, Helen O'Connell, na wenzake walichapisha walichokiona walipochunguza maiti za wanawake: kinembe kina miguu miwili na matufe mawili yanayoteremka kuuzunguka uke. Chote kwa pamoja kinafika sentimita tisa hivi. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani wakahesabu nyuzi za neva zinazokihudumia, wakapata zaidi ya 10,000. Kabla ya hapo dunia nzima ilikuwa inarudia 8,000, hesabu ambayo inasemekana ilitoka kwa ng'ombe. Mnacheka, lakini ndivyo tulivyokuwa tunathaminiwa.

Na wale waliokeketwa, maana mji huu una watu wa kila mkoa, wasikie hili: aliyekata alikata cha nje. Sehemu kubwa ya kinembe bado imo ndani, na wengi wanaweza kusikia raha, japo pengine kwa njia ndefu zaidi na kwa upole zaidi.

Wanawake 1,055 wa Marekani waliwahi kuulizwa kama kuingiliwa peke yake kunawatosha kufika kileleni. Waliosema kunatosha walikuwa kama 18 katika kila 100. Hao 18 wana haki ya kifaa chao cha ndani, wala sibishani nao. Waliobaki, mnanunua mgebuka wa nini?

Kwa hiyo swali la kwanza ni wapi. Kaa peke yako, osha mikono, kata kucha, tumia vidole vyako mwenyewe. Havina gharama na havihitaji umeme. Unapenda juu ya kinembe penyewe, au pembeni, au juu ya nguo kwa sababu penyewe pakiguswa panauma? Unapenda eneo dogo au unataka kiganja kizima? Ukishajua hayo, umemaliza nusu ya kazi. Anayependa eneo dogo, kuna kifaa kidogo kama rangi ya mdomo. Anayetaka kiganja kizima, kuna cha bapa kama jiwe la mtoni, kinalala juu ya mashavu ya uke. Asiyevumilia kuguswa moja kwa moja, kuna kinachopuliza na kuvuta hewa bila kukandamiza. Hiki ni kipya, kilitoka Ujerumani mwaka 2014. Mwenye baridi yabisi ya vidole, au tumbo kubwa linalomzuia kufika, anahitaji chenye mpini mrefu. Kile chenye kichwa kama tufe kilianza kuuzwa mwaka 1968 na kampuni ya Hitachi kwa ajili ya kusinga mgongo, na mashine za kusinga mabega zenye umbo hilo zipo hata madukani kwetu. Mengine wanawake waliyagundua wenyewe, kama kawaida yetu.

Mwenye kisukari, na mliofunga hedhi, neva zenu zinaweza kuwa nzito kidogo, kwa hiyo msishangae mkihitaji nguvu zaidi ya binti zenu. Lakini anayeumia akiingiliwa asinunue cha ndani akidhani atazoea. Aje tumwangalie kwanza. Na yeyote anayetokwa damu baada ya tendo, au baada ya hedhi kukoma, kifaa akiweke pembeni, kesho asubuhi aende hospitali. Saratani ya shingo ya kizazi inaua wanawake wengi nchini hapa, na dalili yake mara nyingi ni hiyo hiyo damu.

Swali la pili ni mtetemo wenyewe. Ndani ya kifaa kuna mota ndogo yenye uzani ulioegemea upande mmoja. Ikizunguka, inayumba, na kuyumba huko ndiko unakokusikia. Uzani mkubwa unaozunguka taratibu unanguruma kama ngoma iliyo mbali, unaingia ndani. Uzani mdogo unaokimbia sana unalia kama mbu, unabaki juu ya ngozi, na baada ya dakika chache panakufa ganzi. Vifaa vingi vya bei ndogo ni mbu. Ukipata nafasi ya kukishika kabla ya kulipa, kiguse kwenye ncha ya pua. Pua ikiwasha, rudisha. Mkono ukifa ganzi kwa kukishika tu, fikiria huko chini.

Ganzi yenyewe haidumu, mnaoniuliza hilo kila siku. Wanawake zaidi ya 2,000 wa Marekani waliulizwa, na kati ya waliowahi kukitumia, zaidi ya saba katika kumi walisema hawajawahi kupata tatizo lolote sehemu hizo. Waliopata, kwa wengi lilikuwa dogo na likapita. Punguza nguvu, au pumzika siku mbili.

Mimi binafsi sivipendi vile vyenye kitufe kimoja na midundo kumi. Unakaribia kufika, kidole kinateleza, kifaa kinaanza kulia kama king'ora cha zimamoto, na ili urudi ulipokuwa sharti upitie midundo yote tisa. Tafuta chenye kitufe cha kuongeza na kitufe cha kupunguza. Cha kupunguza ndicho muhimu zaidi.

Na sauti! Nyumba zetu mnazijua, kuta nyingi za ndani haziendi mpaka paani. Mtu akikohoa chumba cha kwanza, wa tatu anamwambia pole. Kiwashe kwanza chini ya shuka, toka nje ya mlango usikilize. Cha betri za rimoti huwa na kelele zaidi na nguvu hupungua kadiri betri zinavyochoka; cha kuchaji kwa waya wa simu kinashikilia nguvu yake, ila kwa umeme wetu huu, chaji mapema.

Sasa nyamazeni, maana hapa ndipo mnapoumia. Malighafi.

Mama mmoja alinijia na vipele na muwasho wa wiki mbili. Nikamwambia akilete. Kilikuwa laini, rangi ya waridi inayopenya mwanga, kinanata vidoleni, na kinanuka kama kandambili mpya. Harufu hiyo ni ya dawa zinazowekwa kwenye plastiki ngumu ili ilainike. Baadhi yake zimepigwa marufuku Ulaya kwenye midoli ya watoto, halafu mtu mzima anaiweka kwenye ngozi nyororo kuliko zote mwilini. Tena raba ya namna ile ina vitundu visivyoonekana kwa macho. Vijidudu vinaingia humo, unaosha juu, vyenyewe vimo ndani vinakungoja kesho.

Chukua silikoni halisi, au plastiki ngumu yenye uso laini, au chuma kisichoshika kutu. Silikoni halisi hainuki na hainati. Tangu mwaka 2021 kuna hata kiwango cha kimataifa cha usalama wa vifaa hivi, ISO 3533. Mwenye uke mkavu anahitaji kilainishi hata kama kifaa ni cha dhahabu, na kilainishi salama kwa kila kifaa ni cha maji, ile jeli ya duka la dawa. Cha silikoni juu ya kifaa cha silikoni kinaweza kuharibu ngozi ya kifaa.

Najua mnachotaka kuuliza, sisi ni watu wa Kigoma. Mawese? Hapana. Mise, yale mafuta ya kiini cha mchikichi? Hapana. Mawese ni ya maharage. Mafuta yoyote, ya nazi yamo, na yale ya mgando ya kupaka yamo, yanadhoofisha kondomu ya kawaida ikapasuka bila wewe kujua. Kwenye kifaa yanang'ang'ania, na ukeni hayatoki upesi.

Kuosha ni sabuni isiyo na manukato na maji ya vuguvugu, kabla na baada, kisha kikaushe kabisa. Usikichemshe chenye mota, utakiua. Kilichoandikwa IPX7 kinavumilia kuzama mita moja kwa nusu saa. Kisichoandikwa kitu, futa kwa kitambaa chenye sabuni. Hakiazimwi. Shoga yako mwazime kitenge. Virusi vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi vinaweza kubaki juu yake hata baada ya kuoshwa. Wanaokitumia wawili, kondomu mpya kwa kila mmoja. Kikipita nyuma hakirudi mbele. Tena huko nyuma hakiendi kitu kisicho na kitako kipana, maana kikizama tutaonana theatre, na pale hakuna siri.

(Swali kutoka kwa akina mama: na baba watoto akikikuta?)

Akikikuta, umechelewa. Mwambie kabla. Usimwambie usiku mkiwa kitandani, wala siku mliyogombana. Wanaume wengi wakisikia habari hii wanasikia, "Wewe hunitoshi." Basi mwambie ulichosikia leo, kwamba sehemu yenyewe iko juu, na kuingia peke yake hakuifikii. Mwoneshe kwa mkono wake yeye. Wapo wanaume wa mji huu, sitawataja, ambao sasa ndio wanaokumbuka kukichaji.

(Swali: ni kweli madaktari wa Ulaya zamani walikitumia kuwatibu wanawake wazimu?)

Hadithi hiyo nami niliiamini. Ilienea kutokana na kitabu cha mwaka 1999, na mwaka 2018 watafiti walirudi kwenye vyanzo vyake hawakukuta ushahidi. Daktari Mwingereza Joseph Mortimer Granville, aliyetengeneza cha umeme miaka ya 1880, alikitaka kwa maumivu ya misuli ya wanaume.

(Swali: nikiweke wapi, watoto wanapekua kila kitu?)

Kwenye mfuko wake wa pamba, betri umetoa, ndani ya lile sanduku la kanga lenye kufuli. Kisigusane na cha raba, vinaweza kuharibiana. Na ufunguo usiuweke chini ya mto, ndipo wanapoanzia. Haya, chai imeiva na mihogo ipo. Mwenye swali la pembeni anifuate jikoni, nitakuwa naosha vikombe.