Mbogani: Nyumba ya Shamba Iliyobaki Bila Shamba

ZUHURA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunazungumzia nyumba iliyo karibu na vilima vya Ngong, pembezoni mwa Nairobi, iliyojengwa mwaka 1912 na mhandisi Mswidi, Åke Sjögren, kisha ikanunuliwa mwaka 1917 na Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, na mumewe, Bror, waliokuwa na shamba la kahawa hapo. Nyumba hiyo huitwa Mbogani, na inaelezwa kuwa maana yake ni nyumba ya msituni, ingawa mimi, kaka Baraka, nikilisikia jina hilo huwaza mchicha na sukuma wiki.

BARAKA: Si wewe peke yako, dada. Tukianza na umbo lake, ni nyumba ya mawe isiyo na ghorofa, iliyotandazwa kwa upana, yenye paa la vigae, vyumba vikubwa vilivyopambwa kwa mbao ukutani, na baraza za kukaa nje. Kwa kweli hakuna cha ajabu hapo, kwa sababu Wazungu wa Nairobi ya wakati ule walijenga nyumba nyingi za namna hiyo.

ZUHURA: Na jiko je?

BARAKA: Jiko lilijengwa kando, mbali na nyumba kubwa. Mtu wa pwani au wa bara hatashangaa, maana moshi wa kuni na hatari ya moto vilitosha kulitenga. Lakini mpango huo uliwatenga pia wapishi na wenye nyumba.

ZUHURA: Mimi huvutiwa zaidi na baraza ya nyuma, yenye meza iliyotengenezwa kwa jiwe la kusagia, ambapo Karen alikuwa akiketi kusikiliza mashauri ya watu wa shambani. Wengi wao walikuwa Wakikuyu walioitwa maskwota, ambao kwa sheria ya mwaka 1918 walipaswa kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kukaa na kulima katika ardhi hiyo.

BARAKA: Ardhi ambayo baadhi yao waliijua kabla ya hati yoyote kuandikwa! Kahawa yenyewe ya shamba hilo, katika ekari zipatazo 600, haikustawi vizuri, kwa kuwa mwinuko wa takriban mita 1,800 ulikuwa mkubwa mno kwake na udongo ulikuwa na asidi. Tena mwaka 1923 kiwanda cha kahawa kikaungua. Mwaka 1931 Karen aliondoka, na shamba likakatwa viwanja vya ekari 20.

ZUHURA: Nyumba ikasalia. Mwaka 1964 Denmark iliikabidhi kwa Kenya kama zawadi ya uhuru, kukawa na chuo cha lishe hapo, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa jumba la makumbusho.

BARAKA: Ukienda, usianzie sebuleni kama wanavyofanya wageni wengi. Zunguka nyuma kwanza, uitazame ile meza ya jiwe na mitambo ya kahawa iliyobaki uani, ndipo uingie ndani.