Picha na Nyaraka za Siku za Mwanzo za Hifadhi ya Kilimanjaro

Waheshimiwa wazee wetu, walimu, waongoza watalii na ndugu zangu nyote mliofika,

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa mwaka 1977, lakini picha na nyaraka zake zinaanzia mbali zaidi, kwa kuwa mlima huu ulipimwa, ukachorwa na kupigwa picha kwa zaidi ya miaka 80 kabla ya kupewa hadhi hiyo. Ninachotaka kuwaeleza leo ni kwamba kumbukumbu hizo zimeitunza barafu vizuri kuliko zilivyowatunza watu, na kwamba pengo hilo bado linaweza kupunguzwa na sisi tunaoishi chini ya mlima.

Hans Meyer, mwanajiografia wa Ujerumani, alikwama kwenye barafu ya Kibo, kilele kirefu kuliko vyote vya mlima huu, mwaka 1887, kisha tarehe 6 Oktoba 1889 akafika kileleni pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria. Aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imekwisha kurudi nyuma. Mwaka 1912 Wajerumani Fritz Klute na Eduard Oehler walipiga picha za kupimia, na kutokana nazo Klute akachora ramani ya Kibo. Mimi naithamini ramani hiyo kuliko nyaraka nyingine zote, maana watafiti wa barafu wanaanzia hapo hadi leo: mwaka ule barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12, na kufikia mwaka 2007 karibu asilimia 85 ya eneo hilo ilikuwa imetoweka. Picha alizopiga rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, akiwa angani Januari 1930, zimehifadhiwa Zürich na zinatazamwa bure mtandaoni. Anayepanda mlima leo akizitazama ataona barafu imetanda mahali ambapo yeye amekanyaga changarawe na majivu.

Tukija kwa watu, hali ni nyingine kabisa. Meyer alimtaja kwa jina Mwini Amani wa Pangani, aliyebaki kambini huko juu pamoja na Wazungu hao wawili, lakini wapagazi wengi wa zama zile wamebaki bila majina. Tukumbuke kwamba picha zilipigwa kwenye mabamba ya kioo, mazito na mepesi kuvunjika, yaliyosafiri vichwani mwa watu hao hao. Bila uangalifu wao tusingekuwa na cha kutazama.

Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, aliyefariki mwaka 1996, anakumbukwa kuwa mwongozaji wa msafara wa 1889, na aliheshimiwa hadharani ilipotimia miaka 100 ya safari hiyo. Kumbukumbu yake ilitunzwa na ukoo na majirani kwa mdomo. Wapo wanaoitilia shaka kwa kukosa maandishi. Kwangu mimi, shaka hiyo inatudai tukusanye zaidi, kwani wenye kuandika hawakuwa wenye kubeba mizigo.

Nyaraka hizi pia zina uzito katika maisha ya sasa. Hifadhi ya mwaka 1973 ilihusu hasa sehemu iliyo juu ya mita 2,700, na msitu wa chini yake uliingizwa baadaye. Ukanda wa Nusu Maili, yaani ukanda wa msitu uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni, majani na mbao, hauwezi kujadiliwa kwa haki bila ramani na barua za wakati ule.

Anayetafuta picha katika makavazi ya Ujerumani atumie pia majina ya zamani ya vibanda vya wapanda mlima, kwa mfano Bismarck badala ya Mandara, na Peters badala ya Horombo. Na wenye picha za babu zao waliobeba mizigo au kuongoza wageni, ninawaomba waketi na wazee mapema, wakati bado wapo wanaotambua sura hizo, kisha waandike nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, ni nani, ni wapi na ni mwaka gani.