Mmea tumeurithi, kipimo tumekiacha

Mama Mwenyekiti, wasusi wa Kenyatta Market mliofunga vibanda mkaja, na ninyi vijana wawili mliokaa karibu na mlango, hamjambo nyote. Nimeombwa nizungumzie mitishamba na mafuta ya mimea kwa ngozi na nywele. Sitawaeleza mshubiri ni nini wala mwarobaini unaota wapi, mnajua. Nitazungumza juu ya kipimo. Walionisikia mwaka jana wananong'onezana kwamba nimeanza tena. Naam, nimeanza tena, kwa sababu wiki iliyopita binti mmoja alinijia dukani, shingo imebabuka, na nilipomuuliza amepaka nini akanijibu, "Ni ndimu tu." Hilo neno "tu" ndilo linaloninyima usingizi.

Ngojeni niwape kisa cha ndimu. Mdogo wangu alikuwa akikaa Pangani, ghorofa ya nne, na binti yake wa miaka sita. Jumamosi moja ya Julai, ile baridi yetu ya Nairobi, wingu limetanda tangu asubuhi, alikaa kwenye roshani akijipaka ndimu kichwani kwa ajili ya mba. Mtoto akaja na fulana isiyo na mikono, akataka kubebwa. Mama akambeba kwa mkono uleule uliolowa ndimu, akamshusha, na mtoto akapanda juu ya paa pale watu wanapoanika nguo, akacheza mpaka saa nane. Jumapili jioni bega likaanza kuwa jekundu. Jumatatu asubuhi zilikuwa alama nne nyuma ya bega na moja mbele, na malengelenge juu yake. Mkono wa mtu, vidole vitano, huhitaji kuelezwa.

Sasa nani anashinda na mtoto? Yaya. Binti wa miaka kumi na tisa kutoka Kitui. Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye ngazi, mkoba wake uko miguuni, zipu imeharibika ameifunga kwa kamba ya leso, analia bila sauti. Ndani mdogo wangu anatetemeka kwa hasira, simu mkononi, anataka kwenda polisi.

Nikamwita mtoto dirishani, penye mwanga. Nikaona kitu ambacho mama mtu hakukiona: kutoka kidole cha chini ulishuka mstari mwembamba, unapinda kidogo kwenye kiwiko, unaishia katikati ya mkono. Kofi halichirizi. Maji ndiyo yanayochirizika. Nikamwambia mdogo wangu, lete mkono wako. Akauweka juu ya zile alama, na kila kidole kikakaa mahali pake. Pale pete yake inapokaa, ngozi ya mtoto ilikuwa nzima. Nikamuuliza Jumamosi alishika nini. Bakuli la maganda ya ndimu lilikuwa bado liko roshani.

Alimwomba yule binti radhi mbele ya mtoto, na binti akakaa nao miaka mitatu zaidi. Alama zilibaki zimekuwa nyeusi mpaka shule zinafungwa Novemba. Sisemi haya kuwafurahisha. Nasema kwa sababu msichana wa watu alikuwa afungwe kwa kosa la tunda.

Kinachotokea ni hiki. Ndani ya ndimu, hasa kwenye ganda, mna kemikali ziitwazo furanokumarini. Gizani hazikufanyi kitu. Zikikaa kwenye ngozi kisha zikapigwa na mwale wa jua ule tusiouona, wa urujuanimno, zinaamka, zinajishikiza kwenye chembechembe za ngozi na kuziua. Si mzio, kwa hiyo usiniambie "mimi ngozi yangu haina shida." Inampata yeyote. Na haionekani siku ileile. Inachukua kama siku moja kuanza, ya pili au ya tatu ndiyo inakolea, na ndiyo maana mtu hakumbuki ndimu, anamkumbuka yaya.

Utaniambia, "Lakini kulikuwa na wingu." Wingu halizuii mwale huo wote. Na mji huu uko mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Kila ukipanda mita 1,000, mwale huo unaongezeka kwa karibu asilimia 10. Baridi ya Julai inakudanganya uvae sweta, haikupi kivuli.

Halafu yuko mama mmoja, kila mhadhara hakosi, ataniambia bibi yake alitumia ndimu miaka themanini na ngozi yake ilikuwa kama hariri. Mama, nakuamini. Bibi yangu mimi, kwetu Lamu, alitumia pia. Lakini alitumia lini? Baada ya magharibi. Akasuuza kwa maji, akapaka mafuta ya nazi, akalala. Hakuna aliyemwandikia hayo popote. Ilikuwa desturi, na desturi ile ndiyo ilikuwa dawa nusu. Sisi tumechukua ndimu, saa tumeiacha. Tunapaka saa moja asubuhi, tunapanda matatu.

Mafuta ya mbarika ni vivyo hivyo. Wengine mnayaita ya nyonyo, na Kikuyu ni mbariki. Bibi alikaanga mbegu, akazitwanga kinuni, akazichemsha kwa maji mengi mpaka mafuta yakaelea, akayaengua kwa upawa, kisha akayarudisha motoni mpaka yakaacha kuchachatika. Kuchachatika ni maji yaliyobaki. Mashudu alichimbia shimo mbali na kuku. Hakulijua jina la risini, sumu iliyomo ndani ya mbegu ile. Alijua tu kwamba kuku akidonoa anakufa. Risini haiyeyuki kwenye mafuta, inabaki kwenye mashudu, na moto unaiharibu. Kila hatua ya bibi ilikuwa na kazi yake. Leo naona vijana kwenye video wanasaga mbegu mbichi kwenye blenda ya jikoni, ileile ya juisi ya mtoto, wanakamua kwa kitambaa na kuyaita mafuta baridi, bora zaidi. Acheni! Kiwanda kinachokamua baridi kina njia yake ya kuyasafisha baadaye. Wewe na kitambaa chako hamna.

Na kwa kuwa ninyi ni wasusi, nitasema la panja, mkasirike mkitaka. Wateja wanawajia panja zimekuwa wazi, mnawauzia mbarika. Mafuta yale ni mazito, yanashika unyevu, yanang'arisha unywele, nayapenda. Hayaoteshi panja iliyokatika kwa kuvutwa. Msuko unaomfanya mtu ashindwe kufumba macho usiku wa kwanza, unaotoa vipele vidogo pembeni, ndio ugonjwa wenyewe. Ukiulegeza mapema nywele zinarudi, hata bila mafuta. Ukiendelea miaka, shina linageuka kovu, na juu ya kovu hata pipa la mbarika ni bure. Mteja akisema "inauma," usimwambie atazoea. Fumua.

Mnauliza, sasa mba tuitibu na nini kama ndimu umetunyang'anya? Swali zuri, na hapa ndipo kipimo kinapolipa. Kuna mti wa Australia ambao mnaujua kwa jina la tea tree, sasa unalimwa hata na wakulima wetu kandokando ya Mlima Kenya. Mwaka 2002 kulichapishwa jaribio la watu 126 wenye mba. Waliopewa shampuu yenye asilimia 5 ya mafuta hayo, kwa wiki nne, walipata nafuu ya asilimia 41. Waliopewa shampuu bila mafuta hayo, asilimia 11. Asilimia tano, mnasikia? Siyo chupa nzima inamiminwa kichwani. Tone 1 katika kijiko 1 cha chai cha mafuta ya kawaida ni karibu asilimia 1. Kwa mafuta yoyote makali ya kunukia, yanayobaki kwenye ngozi bila kusuuzwa, anzieni hapo. Mpake ndani ya kiwiko kwanza, mngoje siku mbili.

Naonyeshwa saa. Basi haraka haraka.

Mafuta ya nazi: yanaingia ndani ya unywele wenyewe, na utafiti wa 2003 ulionyesha yanapunguza upotevu wa protini, yakipakwa kabla ya kuosha au baada yake. Ya alizeti hayakufanya hivyo. Mafuta ya rozmari: mwaka 2015 yalishindanishwa na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya asilimia 2, kwa wanaume wenye upara, miezi sita, vikatoka sambamba. Miezi sita, si wiki mbili, na lilikuwa jaribio dogo la watu 100. Mshubiri: ukikata jani, lisimamishe utomvu wa manjano utoke wote, huo unawasha, unaotaka ni ule ute wa ndani. Na msiwatume watu kung'oa wa porini kule Baringo, marufuku ilianza 1986 na kuna kanuni za 2007. Pandeni kwenye ndoo. Msandali wa kwetu nao umepigwa marufuku kukatwa tangu mwaka huohuo wa 2007, kwa hiyo anayekuuzia liwa, ule unga wa msandali, muulize mti umetoka wapi.

Mkorogo wa kujichubua na piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, nilitaka nivipe saa nzima, havitapata. Nitasema hili moja: krimu za zebaki na za haidrokwinoni, kemikali ya kuchubua ngozi, zilipigwa marufuku nchini tangu 1998, na bado zinachanganywa ndani ya mafuta ya karoti na kubandikwa picha ya karoti. Karoti haimfanyi mtu mweupe kwa siku kumi. Ukiona hivyo, kuna kitu kingine humo ndani.

Niliwaomba kila mmoja aje na chupa anayotumia. Naona wengi mmeitikia. Nina vijiko hapa, karatasi za kubandika majina, na kalamu. Tutaandika ni mmea gani, umekamuliwa lini, na tone ngapi kwa kijiko. Mama wa leso ya njano, hiyo chupa ya soda yenye mafuta ya kijani, njoo nayo mbele. Tuanze na yako.