Nyumba Si Yako? Sasa Unalipa Nini Tena?

Habari zenu, wapendwa. Leo mtanisamehe kwa huu mwonekano, nimetoka zamu ya usiku na nikishalala tu hii video sitaifanya tena. Nataka nijibu lile swali. Tangu niseme mwezi uliopita kwamba ada ya jengo imenitoboa mfuko, komenti ni ileile: "Dada, nyumba si yako? Sasa unalipa nini tena?" Mwingine kaja na "Ukinunua umemaliza, acha kujiliza." Halafu kuna mmoja, nadhani huyu ananifahamu, kaandika tu, "Unalia huku unaringa." Hiyo ilinichoma. Ila nilicheka, siwezi kudanganya.

Siringi. Fleti yenyewe ina chumba kimoja, kusini mwa London, ghorofa ya kwanza, na dirisha la jikoni linatazamana na mapipa ya taka. Wala sisemi maisha yamenishinda, mkopo wa benki nalipa na sijaruka mwezi hata mmoja. Ninachotaka mwelewe ni kile nilichonunua. Mimi sikununua nyumba. Nilinunua miaka.

Nyie mliowahi kuhangaikia hati huko nyumbani mtanielewa haraka. Hati za miaka 33, 66, 99 si mnazijua? Ardhi ni ya umma, wewe unapewa muda, na kila mwaka unalipa pango la ardhi serikalini. Sasa huku England na Wales fleti nyingi ziko kwa mtindo huo, wenyewe wanaita lisihodi, ila anayekula pango si serikali. Ni mtu, au kampuni iliyonunua ardhi chini ya jengo lenu. Pango langu ni pauni 250 kwa mwaka, na kwa hizo pauni 250 sipewi chochote. Hata kadi ya sikukuu. Waliopata mikataba mipya kuanzia tarehe 30 Juni 2022 wengi wao wameponea, sheria ililifuta hilo pango. Mimi nilinunua 2018. Ndiyo bahati yangu ilivyo.

Hilo ni pango tu, ada ya jengo ni kitu kingine. Mwenye ardhi anaweka kampuni ya kusimamia jengo, kampuni inatafuta wasafishaji, inalipia taa za ngazini, bima, lifti, inaweka akiba kidogo, halafu inajilipa na yenyewe, na bili yote tunagawiwa sisi. Mimi fungu langu mwaka huu ni pauni 2,640, mafungu mawili, pauni 1,320 tarehe 24 Juni na pauni 1,320 tarehe 25 Desemba. Umesikia vizuri, Krismasi. Hizo ni tarehe za kale za Waingereza za kulipia kodi, za tangu wakulima wanawalipa mabwana wa mashamba. Hawajazibadilisha. Watu wanapambana na pilau, wewe bili yako ndiyo imeiva.

Na hayo ni makadirio! Mwaka ukiisha wanapiga hesabu, wakikuta wametumia zaidi, unaletewa salio ulipe.

Kinachoniuma zaidi ni lifti. Mimi nakaa ghorofa ya kwanza, ngazi kumi na nane, nimezihesabu. Lifti sijapanda tangu siku ya kuingiza kochi. Nalipia. Basi sawa, mkataba ndivyo unavyosema, tunachangia wote. Lakini mwaka huu ilikufa Februari ikafufuka Mei, wanasema kipuri kinasubiriwa. Kuna mama wa ghorofa ya tano ana watoto wawili wadogo, alikuwa anapandisha mmoja, anarudi kumfuata mwingine, halafu anarudi kufuata kigari. Bili ya Juni ilipofika, mstari wa matunzo ya lifti uko palepale na haujapungua hata senti. Nikaandika barua pepe. Nikajibiwa baada ya siku kumi na tisa kwamba malalamiko yangu yamepokelewa.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu familia yangu inatazama. Kaka yangu aliwaambia watu, kwa nia njema kabisa, kwamba dada ana fleti kwenye ghorofa London. Habari ilipofika Morogoro, fleti ilishadondoka njiani. Ikabaki "ana ghorofa London." Kamati ya harusi ya mtoto wa mjomba ikakaa, ikaniandikia ahadi ya milioni mbili bila kuniuliza. Nikatuma laki nne, na hiyo laki nne nilikopa kwa mwenzangu kazini kwa sababu ni Juni na mnaijua sasa Juni ina nini. Mhazini akaandika kwenye grupu la WhatsApp, mbele ya watu: "Bado tunasubiri salio la mwenye ghorofa." Jamani. Mimi kwenye hilo ghorofa hata bomba la choo siruhusiwi kulihamisha bila kibali, na kibali chenyewe kinalipiwa.

Na kuhusu vibali nina mengine. Mkataba wangu unasema sakafu lazima iwe na zulia. Nikitaka mbao, niombe, nilipie hilo ombi, na wanaweza kukataa. Kuna siku nilikuwa natwanga tangawizi kwenye kinu, kinu kidogo tu, Jumamosi saa sita mchana. Jirani wa chini akashtaki kwa kampuni. Kampuni ikaniandikia barua kwamba kuna kelele za "ujenzi." Tangu hapo natwanga nimekaa kitandani, kinu kiko mapajani. Chekeni tu.

Sasa twende kwenye barua niliyoletewa ya kazi ya paa la jengo, maana hii ndiyo pesa nyingi na hapa kosa langu lipo. Sheria ya huku inasema kazi ikitaka kumgharimu mwenye fleti yeyote zaidi ya pauni 250, lazima wawaandikie kwanza, mpewe siku 30 za kutoa maoni, hata kupendekeza mkandarasi wenu. Baadaye wanaleta makadirio ya bei, siku 30 nyingine. Wasipofuata hivyo, hawawezi kudai zaidi ya pauni 250 kwa kila fleti, labda waende baraza la migogoro ya nyumba likawaruhusu. Ni kinga nzuri. Mimi ile barua ya kwanza ilikuja, nikaona kurasa sita za maandishi madogo, nikaitupia kwenye droo pamoja na karatasi za matangazo ya pizza. Ya pili nayo hivyohivyo. Ya tatu ilikuwa bili. Pauni 6,800.

Nilikaa sakafuni, kwenye hilohilo zulia lao.

Kwa hiyo siwezi kusema niliibiwa. Walifuata taratibu, mimi ndiye sikusoma. Wenzangu wawili walisoma, walipinga bei, ikapungua kidogo, na hiyo pauni 6,800 ndiyo baada ya kupungua. Nikaomba nione risiti, hiyo pia ni haki yako ukiiwahi, ndani ya miezi sita tangu upewe muhtasari wa hesabu. Wakasema karibu, ofisini kwao, Jumanne saa nne asubuhi, na ofisi iko mji mwingine kabisa. Nauli ya treni peke yake ingekuwa bili nyingine.

Najua kuna atakayeandika "usilipe, watakufanya nini?" Kaka, watanifanya. Deni likizidi pauni 350, au likikaa zaidi ya miaka mitatu, na baraza au mahakama ikithibitisha kwamba unadaiwa, mwenye ardhi anaweza kuanza safari ya kuuvunja mkataba na kuichukua fleti. Mara nyingi haifiki huko, benki yako inaogopa kupoteza dhamana yake, inalipa na kukuongezea kwenye mkopo. Lakini ebu fikiria, fleti ya mamia ya maelfu ya pauni, inatishiwa na deni la bei ya simu.

Tulijaribu kujikomboa. Kuna sheria ya 2002 inawapa wakazi haki ya kuchukua usimamizi wa jengo wenyewe, bila hata kuthibitisha kwamba kampuni ni mbaya. Mnahitaji angalau nusu ya fleti ziingie. Sisi tuko fleti 24, kwa hiyo 12. Tukapata 9. Waliobaki wengi hawaishi hapa, wamenunua wapangishe, wako nchi za mbali, ukiwaandikia ni kimya. Nilipita mlango kwa mlango na karatasi kama mwenyekiti wa mtaa, wapangaji wananifungulia wananiambia, "Sisi hatuhusiki, mama."

Na miaka yenyewe inakwisha. Nilinunua imebaki 86, leo ni 79. Hakuna aliyeniambia kwa sauti ya kusikika kwamba ukishuka chini ya 80, kurefusha mkataba kunakuwa ghali zaidi, kwa sababu mwenye ardhi anadai na nusu ya thamani ambayo fleti inaongezeka mkataba ukirefushwa. Huenda wakili aliandika mahali fulani. Mnajua mimi na barua. Bunge lilipitisha sheria Mei 2024 ya kuliondoa hilo, lakini sheria hiyo inaanza kutumika kipande kimoja kimoja, na kipande changu bado nakisubiri. Nirefushe sasa kwa bei mbaya au ningoje? Dada yenu halali usingizi, na si zamu ya usiku peke yake.

Sasa msije mkasema fulani katuambia tusinunue. Sijasema. Rafiki yangu yuko Leeds, jengo lao dogo, ardhi wanamiliki wenyewe kwa pamoja, analipa kiasi kidogo na hana shida na mtu. Scotland huko sheria ni nyingine kabisa, msiniulize. Mimi nasema ya kwangu. Ukitaka kununua, mwambie wakili akuonyeshe hesabu za jengo za miaka mitatu iliyopita, imebaki miaka mingapi, na kama kuna barua yoyote ya kazi kubwa inayokuja. Aziseme kwa mdomo, wewe ukiwa umekaa.

Na mhazini wa kamati, kama uko hapa, hiyo bahasha mnayoiona nyuma yangu kwenye friji ni ya Desemba, imewahi kufika. Sijaifungua. Nitaifungua kesho nikiamka.