Klachi Mpya, Gia Zinagoma

Sogeeni, sogeeni. Mlio kule nyuma njooni mbele, maana nina vitu vya kupitisha mikononi mwenu.

Kila fundi hapa hali hii imemkuta, au inamsubiri. Umeshusha giaboksi, umefunga klachi mpya, umepandisha, nati ya mwisho umeikaza saa moja usiku. Unawasha, unakanyaga pedali, unatia gia ya kwanza: inagoma. Unajaribu rivasi: krrrr! Tajiri amesimama pembeni, mikono kiunoni. Asubuhi gari lake lilikuja likiingiza gia zote, ugonjwa wake klachi kuteleza tu mlimani. Hapo ndipo fundi anafungua mdomo: "Bosi, giaboksi imekufa."

Imekufa lini? Ilikufa ikiwa imelala kwenye turubai? (Kicheko.) Kilichobadilika tangu asubuhi ni kile ulichokigusa wewe. Anza hapo.

Zima injini. Pitisha gia zote, ya kwanza hadi ya tano, na rivasi. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa, halafu zikagoma ikiwaka, klachi haiachii. Unakanyaga, lakini flaiwili, lile gurudumu zito la injini, bado inaiburuza pleti ya klachi, na pleti inazungusha shafti ya giaboksi. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, iache klachi kwanza. Kagua waya au fito za gia, pengine kuna uliyoirudisha sipo.

Sasa washa. Kanyaga mpaka chini, hesabu taratibu hadi tano, ndipo utie rivasi. Kwa nini rivasi? Gia za mbele zina pete za shaba za kulinganisha mwendo, kwa hiyo zinaweza kuingia kwa kulazimishwa na kukuficha ugonjwa. Rivasi kwenye giaboksi nyingi haina pete hizo. Ikikwaruza baada ya kuhesabu tano, shafti bado inazunguka. Lakini gia moja peke yake ikilia, tuseme ya pili, na nyingine zote shwari, hapo ni pete yake imelika, na pengine klachi ya zamani ndiyo iliyoimaliza.

Tena, pampu pedali mara tatu nne za haraka. Gia zikikubali baada ya hapo, ndani ya mafuta ya klachi mna upepo, au mpira wa silinda inayoyasukuma umechoka.

Hili la mpira nawaambia kwa sababu lilinitia aibu. Ilikuwa Hiace ya dizeli, ya abiria, na tajiri anataka hesabu yake kesho. Silinda ya chini, ile ya kwenye giaboksi inayofungua klachi, niliifungua nikaiacha inaning'inia kwenye paipu yake. Kijana wangu akapanda kutafuta simu, akakanyaga pedali. Pistoni ikachomoka, puu, ikaanguka mchangani. Nikaifuta kwa ovaroli, nikairudisha kwa kidole gumba. Basi gia zikagoma, nikashusha giaboksi mara ya pili, sikuona kitu, nikapandisha. Mgongo ulinikoma. Kesho yake nikamwita mzee mmoja. Hakulala hata chini, aliniambia nikanyage, akachungulia fimbo ya silinda inavyosukuma uma, ule mkono unaofungua klachi, akasema: "Hiyo haifiki popote."

Kimpira chenyewe hiki hapa, pitisheni. Tazameni ukingo, hapa nilipoweka kucha. Mmeona huo mkwaruzo? Haufiki punje ya mchele. Mafuta yalikuwa yanapenya hapo.

Toka siku ile, silinda nikiifungua naifunga pistoni kwa waya, na kwenye pedali hapandi mtu. Na giaboksi sishushi mara ya pili kabla sijaiangalia fimbo. Kwenye magari mengi madogo inasogea kama nusu inchi. Ikisogea robo, kosa liko kwenye mafuta: upepo, mipira, au paipu laini inayovimba ukikanyaga. Ikisogea sawasawa na gia bado zinagoma, haya, lala chini, kosa liko ndani.

Huko ndani la kwanza ni pleti kugeuzwa. Shikeni hii. Upande huu kitovu chenye springi kimetokeza, huu mwingine kimekaa chini. Uliotokeza kwa kawaida unatazama giaboksi. Ukiugeuza, kitovu kinagusa bolti za flaiwili na pleti haiachii hata ukanyage kwa miguu miwili. Nyingi zimeandikwa upande gani ukae wapi. Futeni vumbi msome.

La pili ni uvivu. Giaboksi haijakaa sawa, mmechoka, mnaiacha ining'inie na shafti imeshaingia kwenye pleti. Uzito wote ule unaikunja pleti. Kwa macho huioni, ila ikizunguka inayumba na kugusa. Jeki isitoke mpaka bolti zishike.

Ndiyo, wewe? Mafuta ya giaboksi? Swali zuri. Ukichomoa propela shafti mafuta yanamwagika kwa nyuma, watu wanasahau kujaza, au wanajaza ya difu. GL ni daraja la mafuta ya gia: kama kitabu cha gari kinasema GL-4, tia GL-4. Ya GL-5 yanateleza mno, zile pete hazishiki vizuri, na baadhi yana dawa inayokula shaba. Na kwenye kikopo cha klachi ni mafuta ya breki, kwa Toyota nyingi DOT 3. Ukitia ya usukani kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa karibu, mipira yote itavimba, na utabadilisha ya silinda ya juu, ile ya kwenye pedali, na ya chini.

Tunatoka nje sasa. Lile Hiace pale nimelitia upepo kwa makusudi asubuhi. Wewe wa ovaroli ya bluu, kaa kwenye pedali. Nikisema "shika" unakanyaga na kushikilia, huachii mpaka nifunge nipeli ya kutolea upepo. Wengine lalieni upande huu, angalieni fimbo.